Namba Iliyofichwa Chini ya Mkanda

Juni 2016 Watanzania walijifunza kubonyeza *#06#, tena kwa pupa na hofu. Simu ilitema tarakimu 15, mwenye simu akazituma kwenda 15090, akakaa roho mkononi akisubiri jibu. Jibu lilileta jina la kampuni na aina ya simu. Aliyeshika simu yenye jina moja mgongoni, kisha akajibiwa jina jingine, alijua kwamba siku ile ya kununua aliingizwa mjini. Tarehe 16 mwezi huo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia, kama Wakenya walivyozimiwa zao tangu mwisho wa Septemba 2012. Somo likakaa vichwani: kitu cha thamani kina namba, na namba ikiulizwa husema kweli.

Somo hilo likihamishiwa kwenye saa za kifahari zilizokwisha kutumika, linampoteza mnunuzi.

Simu ina mtandao unaoifahamu kila inapowashwa. Gari la mtumba kutoka Japani lina namba ya chesi iliyoandikwa kwenye hati za kule na za huku. Saa ya mkononi haina mtandao, haina kadi ya usajili, na kampuni inayotajwa kuliko zote katika biashara hii, Rolex, haijawahi kufungua kwa umma daftari la namba zake. Majedwali yanayosambaa, yale yanayosema namba fulani ni ya mwaka fulani, yametungwa na wafanyabiashara na wakusanyaji wa saa kwa kulinganisha risiti za zamani na saa zenyewe. Ni kazi ya kupongezwa, lakini si neno la kiwanda. Na hata daftari la kiwanda lingewekwa wazi kesho asubuhi, swali moja lingebaki palepale. Tapeli akinakili namba ya saa halisi na kuichora kwenye kasha bandia, daftari likiulizwa litajibu nini? Litajibu kwamba namba hiyo ipo.

Basi namba ina kazi gani? Inayo, tena kubwa, ila ni kazi ya shahidi na si ya hakimu. Shahidi huulizwa, hujibu, kisha jibu lake hupimwa kwa maneno ya mashahidi wengine. Mhadhara huu unafuata ushahidi huo kuanzia kwenye chuma chenyewe hadi mahakamani Uswisi.

Fundi saa anayeijua kazi yake haanzi na namba. Huipima saa mkononi, huigeuza, huitia ufunguo kidogo na kuisikiliza, kisha ndipo hutafuta kile kijiti chembamba chenye ncha ya uma cha kutolea pini za mkanda. Kwenye Rolex nyingi zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 2000, namba ya mfululizo imechorwa ubavuni mwa kasha, kati ya masikio mawili yanayoshika mkanda, upande wa tarakimu 6. Upande wa pili, kwenye tarakimu 12, kuna namba ya modeli. (Ni tarakimu 6 iliyo kwenye uso wa saa, si saa sita ya Waswahili. Hapo Mswahili husoma saa kumi na mbili, na anayeelekezwa kwa simu anaweza kufungua upande usio wake.)

Mkanda ukitoka, kinachoonekana kwanza ni uchafu: jasho lililokauka, vumbi, mabaki ya sabuni ya miaka. Fundi hupitisha brashi laini, hubandika lenzi jichoni na kuinamisha saa chini ya taa. Namba halisi imekatwa kwa kina, kingo zake ni kali, na kila mstari humeta saa inapogeuzwageuzwa kwenye mwanga. Bandia nyingi huandikwa kwa asidi au leza hafifu. Zikitazamwa kwa lenzi, kingo zake zina chembechembe kama mchanga, na chini ya taa hazimeti. Kuna jambo jingine ambalo macho ya mgeni hulipita: mkanda wa chuma uliokaa hapo miaka 30 lazima uache mikwaruzo kando ya maandishi. Saa inayodaiwa kuwa ya 1989, na hapo pana ngozi ya mtoto mchanga, inadaiwa maelezo. Huenda ilikaa sandukuni, jambo linalotokea. Huenda pia ilipigwa msasa ikachorwa namba upya.

Kuanzia mwaka 2005 hivi Rolex ilianza kuihamishia namba ndani, kwenye ile pete ya chuma inayozunguka uso wa saa chini ya kioo, ambayo ina jina la kampuni likijirudia mzunguko mzima. Kwa miaka michache saa zilitoka na namba mahali pote pawili, kisha ile ya chini ya mkanda ikaachwa. Pete hiyo ni sehemu ya kasha lenyewe, haichomolewi na kupachikwa nyingine kama kioo, na ndiyo maana ina uzito mkubwa katika ushahidi.

Sasa namba yenyewe. Hadi 1987 Rolex ilitumia tarakimu tupu, na mwaka huo hesabu ya tarakimu saba ikafika ukingoni, 9,999,999. Badala ya kuongeza tarakimu ya nane, kampuni ilirudi kwenye tarakimu sita na kuweka herufi mbele. Herufi ya kwanza ilikuwa R, ikafuata L, kisha E, kisha X. Aliyepanga alikuwa na utani wake: ni jina la kampuni bila ile O, ambayo ingechanganywa na sifuri. Baada ya hapo utani uliisha na alfabeti haikufuatwa: N, C, S, W, T, U, A, P, K, Y, F, D, Z, M, V, G. Herufi moja yenye tarakimu sita hutoa namba milioni moja, kwa hiyo kila herufi iliisha baada ya mwaka mmoja au miwili. W ni ya katikati ya miaka ya 1990, K ni ya karibu 2001, M ilianza 2007. Mwaka 2010 mpango huo ulifikia kikomo. Tangu hapo saa mpya hupewa alama nane, mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiofuata mpangilio wowote unaosomeka kwa mtu wa nje, na namba ya saa ya leo haimwambii mtu mwaka.

Elimu hii ya herufi inatosha kumkamata tapeli mvivu. Muuzaji akisema saa yake ni ya 1991, herufi N inamuunga mkono, halafu namba hiyo hiyo inaonekana kwenye pete ya ndani, mazungumzo yameisha: pete yenye namba haikuwepo wakati ule. Kinyume chake, saa hiyo ya 1991 ikiwa na taji dogo la nembo ya kampuni lililochorwa kwa leza kwenye kioo, jambo lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, si lazima iwe bandia. Kioo hupasuka, hubadilishwa, na kituo cha huduma huweka cha kisasa. Taji lenyewe, kwa faida ya wenye macho mazima, limeundwa kwa nukta ndogo sana juu ya tarakimu 6 na linapaswa kuwa gumu kuonekana. Likionekana kwa urahisi kutoka upande wa pili wa meza, hapo ndipo pa kuingiwa na shaka.

Wavivu wanapungua. Zamani karakana za saa feki zilipiga namba moja kwenye maelfu ya makasha, na wafanyabiashara walizijua namba hizo kwa moyo. Siku hizi wanaofanya kazi hiyo kwa bidii huokota namba halisi kutoka kwenye picha za matangazo, wakazichora vizuri na kutengeneza kadi ya dhamana inayolingana nazo. Ndiyo maana picha za saa zinazouzwa huwa na kidole gumba cha muuzaji kimelala juu ya tarakimu za mwisho. Wanunuzi wengi hudhani kidole hicho kinaficha dhambi. Mara nyingi kinazuia namba isiibwe. Anayestahili kutiliwa shaka ni yule anayeendelea kuziba mnunuzi akiwa amesimama mbele yake na fedha mkononi.

Hata namba ikiwa halisi, imekatwa vizuri na herufi yake inakubaliana na umri, kuna swali ambalo husahaulika: ni namba ya nini? Kwenye Rolex, namba inayosomwa ni ya kasha. Haisemi neno juu ya uso wa saa, mishale, kitufe cha kutilia ufunguo wala mkanda. Na katika saa za kukusanywa, fedha nyingi ziko usoni.

Mfano ulio mashuhuri ni Rolex Daytona, saa ya madereva wa mbio iliyotoka 1963. Modeli yake ya kwanza, 6239, haikuchangamkiwa madukani. Iliyochangamkiwa kidogo kuliko zote ilikuwa ile yenye uso wa mapambo uliotengenezwa na kiwanda cha Singer cha La Chaux-de-Fonds, wenye tarakimu za mtindo wa kipekee na miraba midogo kwenye visaa vidogo vya ndani. Mwigizaji Paul Newman, ambaye aliendesha magari ya mbio kweli hata akawa katika timu iliyoshika nafasi ya pili Le Mans mwaka 1979, alivaa ya namna hiyo. Wakusanyaji wakaubatiza uso huo jina lake, na bei ikapaa. Leo Daytona yenye uso wa Paul Newman na Daytona ya modeli ileile yenye uso wa kawaida zinatofautiana bei mara kadhaa, na kinachozitenganisha ni bati la duara jembamba lililoshikiliwa kwa vijiguu viwili.

Hapo mchakachuaji anaona kazi. Anatafuta 6239 halisi yenye uso wa kawaida, anaung'oa, anapachika uso wa Paul Newman uliochapwa jana. Kasha ni halisi na mashine ni halisi. Namba itapita kila mtihani uliotajwa hapo juu, maana namba haina kosa lolote. Huo uso wenyewe hauna namba ya mfululizo ya kuulizwa, na unachoweza kusema husomwa na mtu anayejua umbo la kila tarakimu na unene wa wino wake.

Saa aliyoivaa Newman mwenyewe iliuzwa na nyumba ya mnada ya Phillips, New York, tarehe 26 Oktoba 2017 kwa dola 17,752,500. Wanunuzi hawakushindana kwa sababu ya namba. Mgongoni mwake kuna maneno yaliyochorwa kwa amri ya mkewe, Joanne Woodward, ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Picha zilimwonyesha akiwa nayo mkononi. Na aliyeileta mnadani alikuwa amepewa na Newman mwenyewe mwaka 1984, alipokuwa mchumba wa binti yake. Hiyo ndiyo njia ya saa kutoka mkono hadi mkono, na soko hulipia njia hiyo kama linavyolipia chuma.

Waswahili wa Oman wana mfano wao ulio karibu zaidi. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 na kuendelea na vita vya Dhofar, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, akazitoa zawadi kwa maofisa na watu waliomtumikia, wakiwemo Waingereza wa kikosi cha SAS. Baadhi zina hanjari, ile nembo ya taifa, imechapwa kwenye uso wa saa. Saa hiyo hiyo bila hanjari ni Rolex ya kawaida ya miaka ya 1970; ikiwa na hanjari ni kitu ambacho matajiri wanapanda ndege kukifuata. Bila shaka wachapaji wa hanjari wapo hadi leo. Namba ya kasha inaweza kusema jambo moja la maana, kwamba kasha ni la miaka inayolingana na zawadi hizo. Likiwa la miaka ya 1980 huku hadithi ni ya vita vya Dhofar, mwenye hadithi atafute nyingine. Lakini namba ikilingana, bado kinachotafutwa ni barua ya zawadi, kumbukumbu za utumishi wa ofisa aliyepewa, familia iliyoihifadhi, na jicho la mtu aliyeona hanjari nyingi za kweli.

Hapa msikilizaji anaweza kuuliza: mbona tusiende moja kwa moja kiwandani? Kwa baadhi ya kampuni inawezekana, na zimejenga heshima kubwa kwa jambo hilo. Patek Philippe ya Geneva huweka namba mbili kwa kila saa, ya mashine na ya kasha, na daftari lake huziandika pamoja. Ile saa ya mfukoni iliyotengenezewa tajiri wa Marekani Henry Graves na kukabidhiwa 1933, ambayo nyumba ya mnada ya Sotheby's iliiuza Geneva Novemba 2014 kwa zaidi ya faranga milioni 23 za Uswisi, ina mashine namba 198.385 na kasha namba 416.772. Mwenye saa ya Patek akipeleka namba zake, kampuni inaweza kumtolea dondoo ya kumbukumbu: saa yenye namba hizi ilitengenezwa mwaka fulani, ikauzwa tarehe fulani, ikiwa na uso wa namna fulani. Namba mbili zilizotoka kwenye saa mbili tofauti hukamatwa hapo papo kwa hapo. Hata hivyo dondoo inaeleza saa iliyotoka kiwandani siku ile, si iliyo mkononi leo, na mnunuzi mwerevu huisoma hivyo.

Na daftari nalo lina watunzaji wake. Novemba 2021 Phillips Geneva iliuza Omega Speedmaster ya mwaka 1957, modeli 2915-1, uso wake ukiwa umegeuka rangi ya kahawia kwa umri. Ilikadiriwa kufika faranga 120,000 ikienda juu sana. Ilifika 3,115,500. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake ya Biel. Juni 2023 Omega ilitangaza kwamba saa hiyo ilikuwa imeundwa kwa kuunganisha vipande, vingi vyake vikiwa halisi, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake watatu walihusika. Kampuni iliyoitengeneza Speedmaster ya kwanza, yenye kumbukumbu, mafundi na makumbusho, ilinunua mbuzi kwenye gunia kutoka kwa watu wa nyumbani mwake. Kesi hiyo ilitikisa biashara nzima, na kwa haki, kwa sababu ilivunja imani kwamba ukifika kiwandani umefika mwisho wa maswali.

Wasiwasi huu wote una umri mkubwa kuliko saa za mkononi. Abraham-Louis Breguet, fundi aliyefungua karakana Paris mwaka 1775, alikuwa ameigizwa kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 18 alianza kuweka sahihi ya siri kwenye nyuso za saa zake. Ilichorwa kwa sindano ya chombo cha kupunguzia maumbo, ndogo mno, pamoja na namba ya saa, na ilionekana tu uso ukiinamishwa kwenye mwanga wa pembeni. Ni hila ileile ya taji la leza, miaka 200 kabla. Na Breguet aliandika: kila saa, namba yake na mnunuzi wake. Madaftari hayo yamehifadhiwa Paris hadi leo.

Saa namba 160 ndiyo inayoonyesha namba inaweza kufanya nini ikiwa na daftari nyuma yake. Iliagizwa 1783 kwa ajili ya malkia Marie-Antoinette. Malkia alikatwa kichwa 1793, Breguet akafariki 1823, na saa ikakamilika 1827. Baada ya kupita mikono mingi ilifika kwenye makumbusho ya L.A. Mayer, Jerusalem, ambako usiku mmoja wa Aprili 1983 mwizi aliingia na kuondoka na saa 106. Alikuwa na mojawapo ya saa ghali kuliko zote duniani na hakuwa na pa kuipeleka, maana hakuna mfanyabiashara mkubwa asiyeijua namba 160. Saa ilikaa mafichoni zaidi ya miaka 20. Mwizi alipokufa, mjane wake aliagiza wakili awasiliane na makumbusho, na mwaka 2006 namba 160 ikarudi. Hatimaye saa 96 kati ya zile 106 zilipatikana.

Tofauti yake ni saa nyingine, halisi tangu kioo hadi mkanda, ambayo iliuzwa na kununuliwa bila mtu kushtuka. Ni Patek Philippe ya modeli 2499 ambayo Yoko Ono alimpa mumewe John Lennon mwaka 1980, alipotimiza miaka 40, miezi miwili kabla ya kuuawa. Miaka mingi baadaye dereva aliyekuwa akimfanyia kazi mjane huyo aliichukua. Ikazunguka, ikauzwa mwaka 2014 kupitia nyumba ya mnada ya Ujerumani kwa mkusanyaji wa Italia, naye akaipeleka Geneva ikadiriwe bei. Hapo ndipo Ono alipopata habari kwamba saa aliyodhani iko nyumbani haiko. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi, na Novemba 2024 ikaamuliwa kwamba mmiliki bado ni Yoko Ono. Namba zilikuwa sahihi, mashine ilikuwa yake, na hakuna mtaalamu aliyesema ni feki. Kila kitu cha saa kilikuwa sawa, na mnunuzi akapoteza saa.

Ndiyo maana namba inayosomwa chini ya mkanda huulizwa mara mbili: wewe ni wa kweli, na wewe ni wa nani. Swali la pili lina msaada zaidi siku hizi kuliko la kwanza. London kuna The Watch Register, iliyotokana na orodha ya kazi za sanaa zilizoibwa, ambayo hutunza namba za saa zilizoripotiwa kupotea au kuibwa na huulizwa na wauzaji kabla ya kununua. Mwaka 2023 kundi la Richemont, lenye Cartier na Vacheron Constantin, lilifungua Enquirus, jukwaa la bure ambako mwenye saa huandikisha namba yake na mnunuzi huweza kuuliza. Breitling ilianza 2020 kutoa saa mpya zenye pasipoti ya kidijitali inayohama pamoja na saa kutoka mmiliki hadi mmiliki. Rolex nayo ilianzisha Desemba 2022 mpango wa saa zilizotumika zilizokaguliwa na kampuni yenyewe, ukianza na maduka ya Bucherer. Mwaka uliofuata ikatangaza kuinunua Bucherer yenyewe. Ni kukiri kimyakimya kwamba soko la mtumba limekua hadi haliwezi kuachiwa madalali peke yao.

Afrika Mashariki sheria za bidhaa bandia zipo. Kenya ina sheria yake ya 2008 na mamlaka iliyoundwa kwayo. Tanzania kazi hiyo iko kwa Tume ya Ushindani, FCC. Lakini taasisi hizo huwinda makontena, si saa moja inayobadilishana mikono kwenye mgahawa wa hoteli. Mnunuzi wa hapa mara nyingi hununua kwa mtu, mtu mwenyewe alinunua Dubai kwa mtu, na kinachokuja na saa ni sanduku la kijani na maneno matamu. Sanduku linauzwa peke yake. Kadi ya dhamana nayo inauzwa peke yake. Kwa maoni ya mhadhiri, risiti ya kwanza yenye namba kamili, hata ikiwa imechakaa na kubandikwa gundi, ina thamani kuliko sanduku jipya. Na gharama ya kumlipa fundi afungue kifuniko cha nyuma ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya saa, kiasi kwamba anayeikwepa anashangaza.

Maana mengi yako ndani. Kwenye Rolex za miaka ya 1950 na 1960, upande wa ndani wa kifuniko mara nyingi umegongwa robo ya mwaka kwa tarakimu za Kirumi na mwaka wenyewe, kwa mfano III 67. Kifuniko cha 1967 juu ya kasha ambalo namba yake ni ya 1967 ni mashahidi wawili wasiojuana wanaosema neno moja. Mashine chini yake inapaswa kuwa ya aina iliyotumika kwenye modeli hiyo, na skrubu zake zisiwe zimechunwa vichwa na bisibisi za mafundi wa haraka.

Fundi hutazama hayo yote, halafu huiwasha taa ya pembeni na kurudi kwenye uso wa saa. Mng'ao wa kijani wa nukta za saa ni mkali kuliko wa mishale, wakati vyote vilipakwa mwaka mmoja. Hasemi kitu. Hufunga kifuniko, hurudisha pini za mkanda mahali pake, hufuta alama ya kidole kwenye kioo. Kisha huchukua kitabu cha risiti, huandika namba ya kasha tarakimu zote bila kuziba, huandika namba ya mashine mstari wa pili, na chini yake maneno matatu: uso si wake.